Kiitaliano cha Kuombea Maji

Tangazo la kazi linapotaka mtu wa kushirikiana na Waitaliano, mstari wake wa sifa aghalabu husomeka hivi: mwombaji awe na ufasaha wa lugha ya Kiitaliano. Ni mstari uliokaa vizuri mdomoni. Msomaji anaupita akidhani ameelewa, na aliyeuandika naye anadhani ameeleza. Siku ya usaili ndipo inapojulikana kwamba kila mmoja alikuwa na ufasaha wake kichwani. Mwajiri alitaka mtu wa kupokea simu kutoka Verona. Mwombaji wa kwanza amesoma Roma na amekuja na Kiitaliano cha teolojia. Wa pili amekulia Kiwengwa huko Zanzibar, amekuja na Kiitaliano cha ufukweni kinachochemka, ambacho hajawahi kukiandika hata mstari mmoja. Wote wamesoma neno lile lile.

Nalipenda neno ufasaha, ndiyo maana linaniuma kuliona likitumika ovyo. Limetufikia kutoka Kiarabu likiwa na heshima zake, na katika Kiswahili halikuzipoteza. Fasaha ni usemi ulio safi, uliopangika, ambao kila neno limekaa mahali pake. Tunasema Kiswahili fasaha tukimaanisha Kiswahili ambacho Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lingekipitisha bila kugusa kalamu. Mzee wa Kigogo anayesuluhisha ugomvi wa malisho mbele ya kijiji kizima, akasema maneno machache na kila upande ukanyamaza, huyo ni fasaha. Shaaban Robert alikuwa fasaha. Sasa ukimdai ufasaha wa Kiitaliano mtunza stoo wa kiwanda cha mvinyo, umemdai jambo ambalo wewe mwenyewe pengine huna katika lugha ya mama yako. Naye kwa kuwa anahitaji kazi atajaza kwenye fomu kwamba anao.

Istilahi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jambo lililokubaliwa. Mzizi wake ndio huohuo uliotupa neno suluhu. Wataalamu wa fani fulani huketi, wakapatana kwamba neno hili kwetu litamaanisha hiki na si kingine, na tangu siku hiyo hakuna ugomvi. Ufasaha kwenye tangazo la kazi haujafikia kuwa istilahi, kwa sababu hakuna aliyepatana na yeyote.

Lakini kwa nini Kiitaliano, na kwa nini huku kwetu uwandani, Dodoma na jirani zake? Mtu akisikia Kiitaliano katika Afrika Mashariki, mawazo hukimbilia pwani: Malindi na Watamu, Kiwengwa na Nungwi. Ni kweli, huko kimeota mizizi. Malindi ina hata jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini kwa ajili ya kurushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Uwanda wa kati una Kiitaliano chake, kisicho na kelele, nacho si cha jana. Watawa Wapasionisti kutoka Italia walikabidhiwa eneo la Dodoma miaka ya 1930, na Jimbo Katoliki la Dodoma lilipoundwa mwaka 1953 askofu wake wa kwanza, Anthony Jeremiah Pesce, alikuwa Mwitaliano wa shirika hilo. Baadaye wakaja Wamisionari wa Damu Azizi. Kazi yao inaonekana Itigi, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Gaspar iliyo kando ya reli ya kati, na Dodoma mjini, kwenye Kijiji cha Matumaini kinacholea watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Madaktari wa kujitolea huja na kurudi, mafundi huja kufunga mashine, wafadhili huandika barua wakitaka kujibiwa.

Halafu kuna zabibu. Bihawana ndiko kunakotajwa kwanza pale wazee wanaposimulia jinsi wamisionari walivyoanza kupanda mizabibu katika udongo huu unaovunwa mara mbili kwa mwaka. Hombolo kukaja kiwanda cha CETAWICO, kilichoanzishwa kwa mtaji na ujuzi wa Kiitaliano. Penye kiwanda pana mkulima, mpima mizigo, dereva, mkemia na mnunuzi, na kati yao pana haja ya mtu wa kuunganisha ndimi mbili. Huyo ndiye tunayemtafuta kwa neno lisilotosha.

Watu wa kawaida hawajangoja wataalamu. Wana ngazi yao ya kueleza mtu amefika wapi katika lugha, na ngazi hiyo ni ya ajabu kwa namna ilivyoanza na ilivyoishia. Chini kabisa ni lugha ya kuombea maji. Fulani ana Kiingereza cha kuombea maji, yaani akishikwa na kiu hatakufa, lakini usimpe hotuba. Juu kabisa ni yule anayeongea kama maji. Mwanzo maji, mwisho maji. Huku kwetu, ambako mwaka wa kawaida mvua haivuki sana milimita 600 na sehemu kubwa ya mji imeegemea visima vya Mzakwe kule Makutupora, siwezi kuyachukulia maneno hayo kuwa mzaha. Anayejua kuomba maji kwa lugha ya watu ameshajua jambo kubwa.

Na Kiitaliano kinampima hapohapo. Kiu ni sete. Saba ni sette. Tofauti kubwa iko katika kushikilia ile t kidogo kabla ya kuiachia. Kiswahili hakina desturi ya kukaza konsonanti hivyo, ila tuna mlango wa kuingilia: mtu anayetamka vizuri nne na mmea ameshazoea kukaa juu ya sauti moja kabla ya kusonga mbele. Mwambie afanye vivyo hivyo kwenye t. Mgonjwa wa Kiitaliano akilalamika kwamba ana kiu, naye muuguzi akaandika namba saba, hilo si kosa la lafudhi tena. Vilevile casa ni nyumba, na cassa ni kreti au sanduku la fedha. Kipimo cha sauti hizi huchukua dakika mbili, hakihitaji karatasi, na kinafaa kuwa cha kwanza katika usaili wowote wa Kiitaliano.

Baina ya maji na maji kuna vidaraja ambavyo matangazo yetu yameviruka. Kipo cha kusikia. Uwandani utasikia mtu akisema bila haya: Kigogo nakisikia ila sikisemi. Kusikia hapo ni kuelewa, na Kiswahili kimefanya busara kuliachia neno moja kazi zote mbili, maana aliyesikia bila kuelewa hajasikia kitu. Kipo cha kuchapia, ambacho si tusi kubwa kama tunavyokifanya. Anayechapia angalau anasema. Kipo cha kuungaunga, ambapo mtu hukosa neno akalizunguka kwa maneno matatu mengine, akafika. Kipo cha kujieleza. Na kipo kimoja nitakachokirudia mbele, cha kumudu.

Kwa kazi nyingi za huku, kusikia ndiko kunakotakiwa kuliko kusema. Dereva anayempeleka daktari mgeni kutoka Itigi hadi Manyoni anapaswa kusikia vizuri. Kusema akiungaunga kunatosha. Mwajiri akiandika tu kwamba mwombaji awe anasikia Kiitaliano, amewafungulia mlango watu wengi wazuri ambao neno ufasaha liliwatisha wasitume maombi.

Dodoma ni mji ambao ardhi imeuzoeza maneno mawili, kupima na kuthamini. Tangu enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, hakuna familia isiyo na hadithi ya kiwanja. Kila mtu anajua utaratibu. Mpima huja na vyombo vyake, akaweka bikoni, akaandika mita za mraba. Mthamini huja kwa kazi nyingine: anauliza kiwanja kiko wapi, kuna nini juu yake, kitatumika kwa nini. Mita zilezile zina bei nyingine Area D na bei nyingine Nala. Hakuna anayemwita mpima mwongo kwa kuwa mthamini ametaja bei ndogo.

Katika ajira tumechanganya hawa wawili. Cheti cha lugha ni kazi ya mpima: kinasema mtu amefika hapa. Tathmini, neno lililozaliwa na thamani, ni kazi ya mwajiri: kufika hapo kunamfaa nini katika kazi hii? Mwajiri anayesoma cheti na kuishia hapo amenunua kiwanja kwa ramani.

Na ramani yenyewe anaweza kuisoma kichwa chini. Nchi za Ulaya hupima lugha kwa ngazi sita, A1, A2, B1, B2, C1 na C2, zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. A ni chini, C ni juu. Sisi tumelelewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambako A ni kilele na C ni ya kawaida. Afisa anayepitia mafaili akaona A2 ya Kiitaliano anaweza kuifurahia, kumbe mbele yake kuna mtu wa hatua ya pili kutoka chini. Akaona C2 akaiweka kando, kumbe ameacha bingwa. Mkazi wa Dodoma anaishi ndani ya herufi kila siku, Area A, Area C, Area D, na anajua kwamba herufi hizo hazisemi mtaa upi ni bora. Ningeomba herufi za lugha nazo zisomwe kwa tahadhari hiyohiyo, na kwanza mtu aulize: ni nani aliyezipanga, na alianzia upande gani?

Namba nazo zina mtego wake. Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena hutoa vyeti vya CILS, na cha Perugia hutoa CELI. CILS inaita B1 Moja, B2 Mbili, C1 Tatu, C2 Nne. CELI huanza kuhesabu mapema: CELI 1 ni A2, CELI 2 ni B1, CELI 3 ni B2. Basi mwenye tatu ya Siena na mwenye tatu ya Perugia hawako ngazi moja. Wa Siena yuko juu zaidi. Jumuiya ya Dante Alighieri, iliyoanzishwa mwaka 1889, hutoa cheti cha PLIDA ambacho hutaja herufi moja kwa moja, na kwa hilo naishukuru. Tena cheti cha CILS cha kuanzia B1 hadi C2 kina sehemu tano, kila moja alama 20, na anayepata 11 katika kila sehemu amefaulu. Mtu anaweza kuwa na 19 kwenye kuandika na 11 kwenye kusikiliza, na cheti chake kikawa halali kabisa. Kwa mhariri wa barua za wafadhili anafaa. Kwa mapokezi ya hospitali, ambako mgonjwa anasema kwa maumivu na haraka, hizo 11 ndizo za kutazamwa. Omba karatasi ya alama za kila sehemu. Ipo, na mwenye cheti anaweza kuitoa.

Baraza la Mitihani limetufanyia hisani moja ya istilahi ambayo hatujaitumia. Darasa la nne na kidato cha pili vina upimaji wa kitaifa. Darasa la saba lina mtihani. Majina yenyewe yanasema: upimaji unamwonyesha mtu alipo, mtihani unamvusha au unamrudisha. Katika Kiswahili mtihani una kivuli kingine, kwa sababu ni jina la shida anazoletewa mja na Mola wake. Msiba ni mtihani, ukame ni mtihani. Ndiyo maana mwombaji akiambiwa kuna mtihani wa Kiitaliano anaingia chumbani na roho mkononi, na mtu mwenye hofu hazungumzi lugha ya kigeni, anaikariri. Ukitaka kujua anachokijua, mwite kwenye upimaji.

Turudi kwenye zabibu, kwa sababu huko ndiko ninakoona jinsi tathmini ya kweli inavyoweza kufanywa. Mkulima amefika na kreti zake kwenye mizani. Mnunuzi Mwitaliano anauliza: quanto pesa? Mkulima anasikia pesa, uso unamchangamka. Mnunuzi ameuliza mzigo una uzito gani. Kwao pesa ni tendo la kuwa na uzito, na mizani yenyewe huitwa la pesa. Maneno mawili yaliyoandikwa sawasawa, na kati yake kuna ugomvi wa bei unaosubiri kuzuka. Mtu wa kati anayefaa ni yule ambaye, kabla uso wa mkulima haujamaliza kuchangamka, amekwisha kusema: anauliza kilo.

Kisha kuna mchuzi. Dodoma tunasema mchuzi wa zabibu kwa yale maji yaliyokamuliwa yanayouzwa kwa viwanda vya mvinyo, na mgeni kutoka Dar es Salaam akisikia mchuzi anatazama kama kuna wali. Mwitaliano ana mosto kwa maji ya zabibu ambayo bado hayajawa mvinyo, na ana vino sfuso kwa mvinyo unaouzwa kwa mapipa bila chupa. Mchuzi wetu kwa wengi hubeba vyote viwili. Mwombaji akipewa sentensi yenye mchuzi aipeleke kwenye Kiitaliano, anayekimbilia mosto bila kusita amejibu haraka, na anaweza kuwa amemuuzia mtu kitu kisichokuwepo. Anayesimama na kuuliza, umeshachachuka au bado, huyo ndiye wa kuajiriwa. Swali lake lina thamani kuliko tafsiri ya mwenzake.

Neno cantina nalo lingefaa kuwemo kwenye karatasi ya usaili. Kwa Mwitaliano ni ghala la mvinyo, mahali penye baridi palipopangwa mapipa. Likapita Ufaransa, likapita Uingereza, likatufikia kama kantini, mahali pa chai na chapati. Meneja akiagiza kwamba mapipa yapelekwe cantina, asiyejua atayapeleka yanakopikwa maharage.

Hospitalini mambo ni mazito zaidi, kwa hiyo nitayataja kwa ufupi na kwa uangalifu. Sala kwa Kiitaliano ni chumba kikubwa au ukumbi. Sala parto ni chumba cha kujifungulia, sala operatoria ni chumba cha upasuaji. Muuguzi wa Itigi aliyelelewa na masista akisikia sala, moyo unakwenda kanisani. Camera ni chumba cha kulala, wala haipigi picha. Sana, ikisemwa juu ya mwanamke, maana yake ni mzima wa afya. Na kuna neno moja ambalo hunigusa kila ninapolisikia. Ndugu wa mgonjwa anauliza kama mtoto atarudi nyumbani kesho, na daktari anajibu: magari. Ndugu anatazama nje kuona magari yamefika. Daktari amesema laiti. Ni pumzi ya mtu anayetamani jambo na kulitilia shaka papo hapo. Anayelichukua neno hilo na kulirudisha kwa Kiswahili cha upole, bila kumpa ndugu matumaini ya uongo wala kumkatisha tamaa, amefanya kazi ambayo hakuna cheti kilichoipima.

Hapo nakuja kwenye tofauti ambayo waajiri wetu huipuuza, kati ya mfasiri na mkalimani. Mfasiri hushughulikia maandishi, ana kamusi na muda. Anaweza kufungua kamusi ya Vittorio Merlo Pick, mmisionari wa Konsolata aliyewakutanisha Waitaliano na Waswahili katika kitabu kimoja. Mkalimani hana muda huo. Anasimama kati ya watu wawili wanaotazamana, na neno likishatoka halirudi. Tangazo linapotaja mfasiri huku kazi ikiwa ya kuzunguka wodini na daktari, mwajiri amewaita watu wa kazi nyingine. Na yule ajuaye lugha nyingi, Kiswahili kimemwekea jina lake zamani, mlumbi. Uwanda huu una walumbi tele: mtu wa Kondoa mwenye Kirangi, Kiswahili na Kisandawe, lugha yenye sauti za kidoko ambazo Mwitaliano angezifanyia mazoezi mwaka mzima. Kwenye fomu ya maombi kijana huyo anaandika lugha mbili tu, Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyingine zinahesabika. Zinahesabika sana. Aliyejifunza lugha tatu kwa sikio ana njia ya kujifunzia ya nne.

Neno usaili lenyewe ni zuri, na Dodoma tunaliona kila wiki kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: usaili wa mchujo, usaili wa vitendo, usaili wa mahojiano. Limetokana na kusaili, kuuliza, ndugu wa swali. Kati ya aina hizo tatu, mahojiano ndiyo yenye siri. Kile kiambishi cha kutendana hakiko pale kwa urembo. Kuhoji ni kwa upande mmoja. Kuhojiana ni kwa pande mbili. Usaili ambao mwombaji hajauliza chochote ulikuwa wa kuhojiwa. Kwa upande wa lugha hasara yake ni kubwa, kwa sababu kuuliza ndiko kunakoonyesha lugha iliyoshika: kuomba kurudiwa, kuomba ufafanuzi, kumkatiza mkubwa bila kumvunjia heshima. Kiitaliano kina Lei ya heshima na tu ya wenzao, na kukosea hapo mbele ya padri mzee ni sawa na kumpita bila shikamoo. Mgogo anayejua lini aseme mbukwa na lini mbukwenyi hawezi kushindwa na Lei. Anahitaji tu kuambiwa ipo. Na Mwitaliano akisimama mlangoni akasema permesso, anapiga hodi. Anayejibu avanti amemkaribisha.

Kuna kikwazo ambacho wasimamizi wa usaili hukitaja kwa sauti ya chini: kwenye jopo hakuna anayejua Kiitaliano. Watampimaje mtu kwa lugha wasiyoijua? Nusu ya kazi inawezekana bila kuijua. Chukua maelekezo halisi yaliyokwisha kutolewa kazini, sauti ya dakika moja ya meneja au daktari, ambayo jopo linajua kwa Kiswahili ilisema nini. Msikilizishe mwombaji mara mbili, kama ilivyo kazini. Kisha aeleze kwa Kiswahili. Jopo litajua papo hapo kama amesikia, maana linao ukweli mkononi. Nusu ya pili, ya kusema na kuandika, hiyo inahitaji mwenye lugha, na uwanda huu haukosi watu hao: masista na mapadri waliosoma Roma, wauguzi wastaafu waliofanya kazi na Waitaliano miaka mingi. Ila waelezwe kazi ni ipi. Aliyesomea Chuo Kikuu cha Urbaniana cha Roma, akiachwa peke yake, atampima mtunza stoo kwa dhamira tegemezi ya vitenzi na atamwangusha mtu aliyekuwa anafaa.

Basi neno langu ni kumudu. Kumudu ni kuliweza jambo kwa kiasi linachodai, bila kuzidiwa nalo. Mtu humudu shamba la ekari tatu, humudu ada ya watoto wawili. Neno hili halikubali kusimama peke yake; ukisema fulani anamudu, msikilizaji anauliza, anamudu nini? Hilo swali ndilo ninalolitaka. Ufasaha wa Kiitaliano unajifunga wenyewe kama tuzo. Kumudu Kiitaliano kunamlazimisha mwandishi wa tangazo kumaliza sentensi, na sentensi hiyo haiwezi kumalizika mpaka ameifikiria kazi.

Ningependa BAKITA iketi na walimu wa lugha za kigeni, na Sekretarieti ya Ajira iwepo, wapatane juu ya ngazi za Kiswahili za kueleza mtu anamudu nini katika lugha ya kazi, wasidharau kuombea maji wala kusikia wala kuungaunga kwa sababu vimetoka mitaani. Neno umilisi wanalo wataalamu wa isimu, waendelee nalo. Umahiri umeelemewa: mtaala wa shule umeuchukua, na vyuo vikuu vimeupa shahada ya pili. Kumudu kuko huru, na kila mtu anakuelewa tayari.

Wewe unayeandika tangazo wiki hii huna haja ya kungoja kikao. Andika hivi: mwombaji awe anamudu Kiitaliano cha kupokea na kupima zabibu, asikie maelekezo ya simu, na aweze kujaza hati ya mzigo kwa Kiitaliano. Au hivi: awe anasikia Kiitaliano cha wodini na kumkalimania mgonjwa kwa Kiswahili. Kisha mpime kwa mambo hayohayo uliyoyaandika, na umweleze kabla hajafika kwamba ndiyo utakayompimia.